Ukuta wa Jikoni: Historia Fupi ya Saloni Zetu

Leo mwana-agronomia wenu haongei juu ya mahindi wala mbolea. Anaongea juu ya kanape.

Mimi na mke wangu tulihamia nyumba ya kupanga hapa Hewa Bora. Ni nyumba ya kisasa: ukifungua mlango, saloni, meza ya kula na jiko viko katika chumba kimoja, bila ukuta. Tukapanga vitu kama tulivyoona kwa picha za intaneti: kanape kubwa katikati, uso kwa televisheni, mgongo kwa jiko. Siku ya mwaliko wa kwanza mama yangu alikuja kutusaidia kupika. Wageni wakakaa, masolo yakaanza. Kisha nikaona mama hayuko. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwa kiti kifupi kando ya mbabula, anapika bukari peke yake. Umeme ulikuwepo! Nikamuuliza juu ya nini. Akajibu: "Kule ndani minaona tu migongo yenu. Hapa minaona hata jirani."

Jibu hilo lilinisumbua. Njo nikaanza kusoma: huu ukuta kati ya jiko na saloni, katika mji wetu, ulitoka wapi?

Elisabethville ilianza mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru ya Union Minière ikayeyusha shaba ya kwanza. Mji ulichorwa kwa kutenganisha: Wazungu upande wao, Waafrika upande wao, katikati eneo tupu. Na ndani ya lupango la Mzungu mchoro huohuo ulirudiwa kwa udogo: nyumba kubwa mbele, boyeri nyuma kabisa. Boi alipika, akaleta sahani, akatoka. Kwa hiyo ukuta wa jiko haukuzuia moshi peke yake. Ulikuwa mpaka kati ya mwenye kula na mwenye kupika.

Hao maboi hawakunyamaza. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, historia ya mji inayoitwa "Vocabulaire de ville de Elisabethville". Ni historia kama walivyoiona watumishi wa nyumbani. Itafuteni, mwisome. Ni mji wetu uliotazamwa toka mlango wa nyuma.

Kwa kambi za wafanyakazi mambo yalipita njia nyingine. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliona kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto hakimbii kazi upesi, ikaanza kuwaleta na kuwakalisha na familia. Baadaye wanawake wakafundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kwa namna ya Kibelgiji. Saloni ikapata viti vya mbao, meza ndogo na vitambaa vya kufuma. Mama yangu alizaliwa kambini, wakati kampuni imekwisha kuitwa Gécamines. Anasema kwao saloni ilikuwa ya baba na wageni wake. Yeye na dada zake walikula nyuma, karibu na moto.

Katika miaka ya 1970 kuta za saloni hizo zilijaa picha za wachoraji wa mji: mamba muntu, na ile ya "Colonie belge" yenye mfungwa anayepigwa fimbo. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100, mwaka 1973 na 1974. Mgeni aliangalia picha, akauliza, mwenye nyumba akasimulia. Saloni ilikuwa shule ya historia. Lakini waliosikia ni wale waliokaa mbele.

Sasa, nyumba isiyo na ukuta ilitoka wapi? Frankfurt, mwaka 1926, Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko dogo la mita za mraba 6.5 hivi, lililofungwa, la mtu mmoja kufanya kazi upesi. Huko Marekani, Frank Lloyd Wright alifanya kinyume: nyumba ya Jacobs, ya mwaka 1937, jiko lake linafunguka kwa meza na saloni. Wright alifikiria familia isiyo na mtumishi. Mama anapika huku anaona watoto na kusikia mazungumzo. Hiyo njo maana ya kutoa ukuta! Sisi tulichukua mchoro, tukaacha maana. Kanape yetu, mgongo kwa jiko, ilikuwa ukuta uleule, wa vitambaa na sponji.

Kwa hiyo tulipanga upya. Kanape ilikwenda kwa ukuta wa pembeni, inaona jiko na mlango. Meza ya kula tuliisogeza karibu na jiko, mwenye kumenya vitunguu akae na wenzake. Kati yao tuliacha njia pana ya mtu mwenye sufuria ya moto. Ukuta mmoja tuliuacha mtupu kwa ajili ya picha. Mbabula inabaki nje, hata umeme ukikatika: hewa ya makala katika nyumba iliyofungwa inaua, na haina harufu.

Siku ya mungu iliyofuata mama alichambua sombe mezani, akaingilia siasa yetu, akatukosoa wote. Bukari alienda kuipika nje, lakini alirudi.

Limebaki jambo moja, na siwafichi. Binti anayetusaidia kazi bado alikuwa anakula nyuma. Ukuta ulitoka, yeye hakuingia, na mimi sikuona mpaka nilipoanza kuandika haya. Juzi nilimwekea kiti mezani. Alikaa ukingoni, kama mtu anayengoja kuitwa.

Na kwenu, ba promo, mwenye kupika anaona nini?