Plaizi ya Porini

Kamusi za Kiswahili huita koleo kile chombo cha mikono miwili iliyopishana, chenye mdomo wa kubania. Ni neno zuri, na mhunzi analo tangu zamani: kwa koleo hushika chuma chekundu kilichotoka motoni. Lakini ukifika kwenye ujenzi, iwe Moshi au Dar es Salaam, ukaomba koleo, utapewa chombo cha kuchotea mchanga, kile ambacho wengine hukiita beleshi au chepe. Maana zote mbili ni halali. Fundi wa baiskeli, fundi umeme na fundi magari wamejitoa kwenye utata huo kwa kusema plaizi. Neno hilo limetoka kwenye Kiingereza, ambako chombo hiki kimoja hutajwa kwa wingi siku zote; kwetu limeingia kwenye ngeli ya i-/zi- na kutulia: plaizi hii imelegea, plaizi hizi zimelegea.

Gereji hakuna anayepotezwa na utata wa koleo, kwa kuwa kitu chenyewe kiko mbele ya macho. Safari ya mlimani ni tofauti. Orodha ya vifaa huandikwa na mtu mmoja, ikafungashwa na mwingine, na kundi linaweza kuhitaji vyote viwili: cha kubania na cha kuchimbia. Mstari unaosema "koleo jepesi, moja" hauelezi ni kipi kati ya hivyo. Ndiyo maana nashauri orodha iandikwe plaizi, na koleo libaki kwenye fasili: plaizi ni koleo dogo la mkono, lenye meno mdomoni, la kushikia, kukunja, kuvuta na mara nyingi kukata. Wapo watakaoona neno la mkopo limepewa kiti cha neno la wenyewe. Nawaelewa, lakini kazi ya kwanza ya istilahi ni kuhakikisha kifaa sahihi kinaingia kwenye begi.

Neno la pili la kichwa cha makala, porini, halina mgogoro. Waongoza watalii hulitumia kila siku kwa mahali ambapo gari halifiki na duka halipo, kwa hiyo kitu kikiharibika kitatengenezwa kwa kile kilichobebwa. Kambi ya Barafu, mlimani Kilimanjaro, iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Wapandaji wengi huondoka pale karibu na usiku wa manane kuelekea kilele cha mita 5,895, kwenye baridi iliyoshuka chini ya sifuri. Zipu ya koti ikigoma kufunga saa hiyo, ni hatari kwa mwili.

Zipu ndiyo sababu kubwa ya kubeba plaizi, kuliko watu wanavyodhani. Meno yakiachana nyuma ya kichwa cha zipu wakati kichwa chenyewe kinateleza vizuri, mara nyingi meno ni mazima. Kilichotokea ni kwamba kichwa kimepanuka kwa kutumika, na hakiyabani tena. Dawa ni kukirudisha hadi mwanzo wa zipu, kisha kubana ubavu wake mmoja kwa plaizi, kidogo sana, halafu wa pili, na kujaribu. Vichwa vingi ni vya aloi ya zinki, nayo hupasuka badala ya kukunjika ikilazimishwa. Kwa hiyo plaizi ya kazi hii inahitaji ncha nyembamba zinazokutana sawasawa, na mkono usio na pupa. Nguvu nyingi hapa ni balaa.

Kazi nyingine ni za kawaida zaidi: kuvuta sindano iliyokwama kwenye mkanda mnene wa begi, kunyoosha mdomo wa bomba la nguzo ya hema uliobonyea, kulegeza nati ya jiko, kukata waya.

Kuna ujanja mmoja wa wauzaji wa plaizi nyepesi ambao mnunuzi anapaswa kuujua. Plaizi ni nyenzo mbili zinazokutana kwenye egemeo moja, ule msumari wa katikati. Ukishika sentimita 10 kutoka kwenye egemeo, na kitu unachobana kikawa sentimita 2.5 upande wa pili, nguvu ya kiganja chako huongezeka takribani mara nne. Fupisha mkono uwe sentimita 5, mdomo ukibaki vilevile, nawe umebaki na mara mbili tu. Njia rahisi ya kutengeneza plaizi nyepesi ni kufupisha mikono, na hapo ndipo nguvu inapokwenda. Kwa sababu hiyohiyo sehemu ya kukatia huwekwa jirani kabisa na egemeo, na nati ngumu hushikwa ndani ya mdomo, si kwa ncha.

Njia nyingine ya kupunguza uzito ni kubadilisha madini. Titani ina zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, na alumini ina kama theluthi moja. Lakini ugumu wa kutokunjika nao hupungua kwa karibu kiasi hicho, hivyo mikono hunesa na sehemu ya nguvu yako hupotelea humo. Mimi nachagua chuma cha pua, hata kikizidi gramu kadhaa: meno yake hayalainiki upesi na msitu wenye mvua wa chini ya mlima haukitii kutu haraka.

Tim Leatherman, Mmarekani aliyezunguka Ulaya na Mashariki ya Kati mwaka 1975 kwa gari lililokuwa likiharibika kila mara, aliunda chombo kimoja cha kukunja chenye plaizi, visu na bisibisi. Alianza kukiuza mwaka 1983. Katika vyombo vya kampuni yake, Wave ina gramu 241, na Squirt PS4, inayokaa kwenye funguo, ina gramu 56. Kwa zipu na sindano hiyo ndogo inatosha kabisa. Kwa nati iliyoshika haitoshi, na kuilazimisha ni kuivunja.

Gramu hizo si hesabu ya duka tu. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, na kila kifaa "cha tahadhari" huishia mgongoni mwa mtu. Kama jiko halina nati ya kufungua na nguzo za hema ni nzima, sioni haki ya kumbebesha mtu plaizi ya gereji. Kundi kubwa lenye majiko kadhaa na mahema mengi lina sababu ya kubeba moja ya kati, ya mdomo mrefu, yenye kukata, pamoja na ile ndogo. Kabla ya kufunga mfuko wa ukarabati, jaribu plaizi ukiwa umevaa glavu nene, maana chuma tupu kwenye baridi kali huumiza vidole. Na kwa kuwa wapagazi hutangulia kambini, plaizi ndogo ikae kwa msaidizi wa kiongozi, anayetembea na wageni.