Mate: Baraka na Maradhi

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo labda wengine watalicheka, nalo ni mate. Kila mtu anayo kinywani mwake, wala hapana aliyeyanunua. Lakini tangu zamani watu wameyaona kuwa ni kitu chenye nguvu: cha kubarikia, cha kufukuzia husuda, na cha kuponyea.

Tuanze na Warumi. Plinius, mwanachuoni aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba watu wa wakati wake walitema mate wakimwona mwenye kifafa, ili ugonjwa ule usiwarukie. Tena mgeni akimtazama mtoto mchanga aliyelala, yaya wake alitema mate mara tatu, kwa kuogopa kijicho. Naye Tacitus, mwandishi wa tarikh, alisimulia habari za Kaisari Vespasian alipokuwa Alexandria, katika nchi ya Misri, yapata mwaka 70. Kipofu alimwangukia miguuni, akamsihi ampake mate machoni. Kaisari alicheka kwanza, kisha akawauliza waganga. Wakamjibu kwamba macho ya mtu yule hayajafa kabisa. Ndipo akampaka, na watu wakasema kwamba amepona. Angalieni hapo: kabla ya kutenda, Kaisari aliuliza wenye elimu.

Sasa tuje huku kwetu. Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, aliingia nchi ya Wamasai. Kwao Wazungu kumtemea mtu mate ni kumtukana. Kwa Wamasai aliona kinyume chake, ya kuwa ni alama ya mapenzi na ya kumtakia mtu heri. Kwa kuwa walimdhani kuwa ni laiboni mkuu, walimjia wengi wakitaka awatemee, naye akafanya hivyo. Kwa Wakikuyu pia mzee alibariki kwa mate. Basi tendo ni moja, lakini maana yake hutoka katika moyo wa watu wanaolitenda. Asiyejua desturi ya mwenziwe asiharakishe kuiita ushenzi.

Lakini habari haikuishia hapo. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch aliwaonyesha wenzake kijidudu kiletacho kifua kikuu. Alisema kwamba katika kila watu saba wanaokufa, mmoja huuawa na ugonjwa huo. Watu wengi walikuwa wakidhani kwamba ni ugonjwa wa kurithi, au wa bahati mbaya. Kumbe adui amo katika kohozi la mgonjwa, na anapokohoa vijidudu huruka hewani, wakavivuta walio karibu naye. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1896, mji wa New York ulikataza watu kutema mate ovyo.

Je, tuwaambie wazee waache kubariki? La. Baraka ni mali ya urithi, na mzee hatoi kohozi la kifua, hutoa mate machache pamoja na maneno mema. Ila mzee akiwa na kikohozi kisichokoma kwa wiki mbili, na jasho la usiku, na mwili unakonda, asimshike mjukuu mchanga na kumtemea usoni. Na aende hospitali akapimwe kohozi. Siku hizi dawa zipo, na mwenye kuzimeza kwa miezi yote aliyoambiwa, bila kuacha katikati, kwa kawaida hupona. Wakati ule na ambariki mjukuu wake kwa maneno na kwa kumwinulia mkono, baraka haitapungua.

Nanyi vijana, msiwacheke wazee wenu. Waulizeni maana ya desturi zao, nanyi mwaeleze kwa adabu mliyoyasoma. Kama Kaisari aliona vema kuuliza kwanza, sembuse sisi?