Kadi ya Uanachama na Mfuko wa Mfadhili

Tarehe 25 Julai 2021 Kasulu yote ilishuka Kigoma mjini. Natia chumvi, lakini kidogo tu. Sisi wa Kabanga tulianza safari alfajiri, wengine wamebanana kwenye Noah, wengine wamesimama nyuma ya Fuso kama magunia ya maharage, tukielekea Uwanja wa Lake Tanganyika kuona kwa macho kile tulichozoea kukisikia redioni: Simba na Yanga, fainali ya Kombe la Shirikisho. Simba ilishinda bao 1-0, mfungaji akiwa Mganda Taddeo Lwanga, na barabara ya kurudi milimani usiku ule ilikuwa ndefu sana kwa nusu ya abiria.

Ndani ya gari letu ubishi ukawaka. Mzee mmoja wa Yanga, aliyekuwa kimya tangu tuondoke uwanjani, akatoa kadi mfukoni, imechakaa pembe zote, akasema: "Nyie wote watazamaji. Mimi ndiye mwenye timu." Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, lakini maneno yalichoma: "Shikamoo mzee wangu. Sasa hiyo timu yako, umewahi kuipigia kura?" Mzee akairudisha kadi mfukoni. Hakuwahi. Mkutano mkuu ni Dar es Salaam, na nauli ya kwenda na kurudi ni mbuzi wawili.

Swali la yule kijana limenisumbua tangu siku hiyo. Mwenye kadi anamiliki nini hasa? Nimeona niliandike hapa, maana vijana wenzangu tunajua majina ya wachezaji wote mpaka wa akiba, lakini habari ya nani ana mali na nani ana sauti tunawaachia wakubwa.

Yanga huhesabu kuzaliwa kwake tangu tarehe 11 Februari 1935. Hata miaka miwili haijatimia, kundi likajitenga, na mwaka 1936 likaanza safari yake kwa majina kadhaa, Queens, Eagles, Sunderland, mpaka mwaka 1971 lilipopewa jina la Simba katika zile siku za kuachana na majina ya kigeni. Kwa hiyo mahasimu hawa wametoka tumbo moja, na ugomvi wa kwanza wa klabu ya wanachama Tanzania ni wa zamani karibu sawa na klabu yenyewe.

Mpangilio wake ni rahisi kueleza, ila mgumu kuuishi. Klabu si ya mtu. Ni chama, kina katiba, kimeandikishwa kwa Msajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mwanachama analipa ada. Wanachama wakikutana, huo ndio mkutano mkuu, na hakuna kilicho juu yake. Mkutano unachagua viongozi na kamati ya utendaji. Halafu wapo wadhamini, watu wachache wa kuheshimika wanaoshika mali kwa niaba ya wote ili mwenyekiti asije akaamka asubuhi akauza nyumba. Mama Fatma Karume, mjane wa Mzee Abeid Amani Karume, alikuwa mdhamini wa Yanga kwa miaka mingi. Na nyumba za kulinda zipo kweli: Yanga wana jengo lao Jangwani, Simba wana lao Mtaa wa Msimbazi, yote Kariakoo. Mtu akikuambia klabu hizi hazina kitu, mwulize kiwanja Kariakoo kinauzwaje.

Ila jengo halilishi timu. Zamani fedha zilitoka kwenye ada, michango ya wazee, na viingilio vya mlangoni. Mpira ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji alikuwa na kazi yake bandarini au kwenye shirika, jioni anakuja mazoezini. Hata hivyo, ndani ya mpango huo wa kimaskini Yanga ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo, 1968 mpaka 1972, na mwaka 1969 ilifika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Asante Kotoko ya Ghana kwa kurusha shilingi baada ya kutoka sare mara mbili. Fikiria! Shilingi yenyewe ikatuamulia.

Sasa fika mwaka 1976, na hapa naomba nikae kidogo. Mwaka mmoja nyuma Yanga ilikuwa juu kabisa, imeifunga Simba 2-0 Zanzibar na kuchukua ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati. Mafanikio yale ndiyo yaliyoleta moto. Vijana waliocheza waliona wao ndio klabu, na wazee walioijenga waliona klabu ilikuwepo kabla vijana hawajazaliwa. Watu wa mjini, kwa ulimi wao usio na pazia, wakazipa pande mbili majina ya viatu. Waliokuwa na vijana wakaitwa Raizoni, viatu vile vya soli nene vilivyokuwa fasheni. Wa upande wa wazee wakaitwa Kandambili. Kandambili wakabaki na jina na jengo. Raizoni wakaondoka na wachezaji, wakaanzisha Pan African, ambayo mwaka 1982 ilikuja kuwa bingwa wa Tanzania.

Wengi hucheka wakisimulia habari hii. Mimi naiona nzito. Chama kilipofika mahali pa kuulizana mali ni ya nani, ya anayeitolea jasho au ya mwenye kadi, katiba haikuwa na jibu ambalo pande zote zingelikubali. Na kwetu huku milimani mwaka huohuo wa 1976 tulipata somo lililofanana nalo. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na mkulima wa kahawa aliyekuwa akijiita mwanachama akajikuta ni muuzaji tu. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini waulize wazee wa Kasulu kama imani ilirudi nao. Mpira una bahati kuliko kahawa: ukimvunja moyo mpenzi wake leo, Jumamosi anakuja tena.

Wakati huo zilikuwepo pia timu zisizo na shida ya wanachama kabisa. Timu za mashirika: Reli Morogoro, Bandari Mtwara na nyingine. Shirika linalipa, mchezaji anaajiriwa, basi. Mashirika yalipouzwa na kufilisiwa miaka ya 1990, timu nyingi za aina hiyo zilikwisha nguvu. Klabu za wanachama, na makelele yao yote, zikabaki. Hili walisahau wale waliosema kila mara kwamba uanachama ndio ugonjwa.

Ila zilibaki kwa mkono wa nani? Hapo ndipo anapoingia mfadhili. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikatoka 0-0 Abidjan na Stella kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam, nyuma yake alikuwepo mfanyabiashara Azim Dewji. Mfadhili hayumo kwenye katiba. Hapigiwi kura wala haondolewi kwa kura. Anatoa fedha kwa mapenzi, na mapenzi yakiisha anaondoka nazo, kiongozi aliyechaguliwa anabaki ofisini na funguo na madeni.

Yanga walijaribu kutoka kwenye mtego huo mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuifanya klabu kampuni. Matokeo yake makundi tena: Yanga Kampuni, Yanga Asili, na baadaye hata Yanga Academia. (Mtu angedhani ni vyama vya siasa vinagombea jimbo.) Wazee wa Asili walionekana wapinga maendeleo, lakini hofu yao ilikuwa na mantiki: hisa zikiuzwa, maskini mwenye kadi atazinunua kwa nini? Yusuf Manji ndiye aliyekuja kuwapatanisha katikati ya miaka ya 2000, akiwa mfadhili kwanza, mwenyekiti tangu 2012.

Tarehe 6 Agosti 2016 mwenyekiti huyo aliwaomba wanachama kwenye mkutano wa dharura wamkodishe timu na nembo kwa miaka kumi. Hasara yake, faida wagawane, sehemu kubwa iende kwake. Wanachama wakanyoosha mikono wakakubali. Nisome vizuri: walikubali wenyewe, mchana kweupe. Wazee wakapinga, Baraza la Michezo likaingilia, mpango ukakwama. Mei 2017 Manji akajiuzulu, na kilichofuata kila mtu anakikumbuka. Kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, akawa anahimiza mashabiki wachangie ili timu iishi, bakuli likapitishwa kwa wenye nchi, na mwaka 2019 ikafanyika harambee kubwa. Watani wa Simba waliwaita ombaomba. Lakini mimi nasema katika miaka yote hiyo, msimu wa bakuli ndio msimu ambao Yanga ilikuwa ya wanachama kuliko wakati mwingine wowote. Na haikuwa bingwa. Hayo mawili niliyaona pamoja, na sijui kuyatenganisha.

Simba walichagua njia nyingine. Tarehe 3 Desemba 2017 wanachama walimpitisha Mohammed Dewji kuwa mwekezaji kwa shilingi bilioni 20. Yeye awali alitaka asilimia 51. Serikali ikaweka kanuni kwamba wanachama wasishuke chini ya 51, mwekezaji abaki na 49. Wajerumani nao wana kanuni inayofanana na hiyo, kwamba wingi wa kura ubaki kwa chama, na wao wameishikilia tangu 1998. Ikatokea basi nyumba yenye viti viwili vya enzi: mwenyekiti wa klabu anayechaguliwa na wanachama, na mwenyekiti wa bodi anayetoka upande wa fedha. Juni 2024 timu ilipokuwa imekosa ubingwa misimu mitatu, wajumbe wa upande wa mwekezaji walijiuzulu na Dewji akarudi mwenyewe kwenye kiti cha bodi. Nani alikuwa na 51 siku zile? Kwenye karatasi ni wanachama. Macho ya watu wote yalikuwa kwa mwenye 49.

Yanga nao walibadili katiba Juni 2021, mwezi mmoja kabla ya ile fainali yetu ya Kigoma, na Julai 2022 wakamchagua Hersi Said, mtu aliyetoka kampuni ya GSM inayowadhamini, kuwa rais wa klabu. Katika katiba mpya kura zilihamia kwa wajumbe wa matawi badala ya kila mwenye kadi kujazana ukumbini. Wapo walionung'unika kwamba wamenyang'anywa haki. Huku kwetu habari hiyo ilipokewa tofauti: kwa mara ya kwanza tawi la mbali linaweza kumtuma mtu mmoja kwa niaba ya wengi, wakamchangia nauli.

Fedha nazo zimebadilika sura. Mei 2021 Azam Media ilisaini na TFF haki za matangazo ya ligi kwa miaka kumi, shilingi bilioni 225.6. Kampuni za kubahatisha zikaandika majina vifuani. Ada ya mwanachama ikilinganishwa na hayo ni punje ya chumvi ziwani. Ndiyo maana naogopa kidogo. Zamani klabu ilimhitaji mwanachama angalau kwa kiingilio chake; sasa inaweza kuishi bila kumwona, mradi anaangalia kwenye kibanda cha video.

Nilikutana na yule mzee tena mwaka 2022, sokoni Kabanga, uchaguzi umeshapita. Nikamsalimia, nikamwuliza kuhusu kadi. Akaniambia ada yake haijalipwa miaka mingi, na kwamba kijana aliyembishia kwenye gari ndiye anayezunguka na simu kuandikisha wanachama wapya. "Nimemwambia aniandike," akasema. "Na kwenye kikao cha tawi nitamwuliza hesabu ya ada zetu, aje na daftari." Kisha akarudi kupanga ndizi zake.