Dhamana ya kifedha kwa jamaa anayehamia ng'ambo (Kilindini na Mji wa Kale, Mombasa)

Ni ahadi ya kisheria anayoitoa mkaazi wa nchi ya ng'ambo kwamba jamaa yake anayemfuata hatakuwa mzigo kwa serikali. Bandari ya Kilindini iliwahi kuliona jambo hili kwa upande wa pili: enzi za ukoloni, aliyeshuka melini bila njia ya kujikimu aliweza kukataliwa kuingia. Siku hizi wanaodhaminiwa ni watu wa kisiwa cha Mombasa chenyewe, hasa wake na waume wa waliotangulia Uingereza na Marekani.

Uingereza hupima kipato. Kiwango cha kumchukua mke au mume kiliwekwa pauni 18,600 kwa mwaka Julai 2012, na tangu 11 Aprili 2024 ni pauni 29,000. Asiye na kipato chochote hutakiwa awe na akiba ya pauni 88,500 iliyokaa miezi 6. Ahadi ya mjomba kwamba atasaidia kwa kawaida haihesabiki.

Marekani hupima kipato, kisha humfunga mdhamini. Tangu Desemba 1997 anayemdhamini jamaa hutia saini fomu I-864, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa nyumba ya watu wawili, mwaka 2025, kilikuwa kama dola 26,437. Akipungukiwa, hutafuta mdhamini wa pili, naye hufungika vilevile. Ahadi huisha mhamiaji akipata uraia, akikamilisha robo-mwaka 40 za kazi (yapata miaka 10), akihama nchi kabisa, au mmoja wao akifariki.

Talaka haimo. Hapa ndipo familia nyingi zinaweza kupotea hesabu, maana masurufu ya mtalaka kwa kawaida hukoma na eda, na Kadhi wa Mombasa hana uwezo wa kuifuta I-864. Mtalaka anaweza kumshtaki mdhamini huko Marekani adai matumizi, na serikali inaweza kudai irudishiwe baadhi ya misaada iliyompa. Kwenye posa hujadiliwa mahari. Fomu hii, ambayo huenda ikawa deni refu kuliko mahari yenyewe, haina budi kujadiliwa pia.

Ukoo ukichanga nauli ya Nairobi, kwenye mahojiano ya viza na uchunguzi wa afya, mchango huo haumpunguzii mdhamini wajibu wowote. Akihama nyumba, ana siku 30 za kuiarifu idara ya uhamiaji ya Marekani kwa fomu I-865, la sivyo anaweza kutozwa faini.