Kibadala cha Kiwandani

Mwaka 1963 kampuni ya John Deere ilitoa trekta lake la kwanza la bustani, likapewa jina la 110. Liliundwa Horicon, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, na lilikuwa na injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7. Mwaka uliofuata injini ikawa ya nguvu za farasi 8. Mwaka 1968 madigadi ya nyuma, ambayo hadi hapo yalikuwa ya mviringo, yakafanywa ya mraba. Jina lilibaki lile lile. Ndiyo maana mkusanyaji wa matrekta ya zamani akiambiwa “ninalo 110” hatosheki. Atauliza kwanza madigadi yakoje.

Kinachoulizwa hapo tukiite kibadala cha kiwandani: umbo la mashine linalotofautiana na mengine ya jina hilo hilo kwa sababu kiwanda chenyewe ndicho kilichoamua liwe hivyo.

Kwa nini kibadala? “Tofauti” ni pana mno, kwani kutu nayo huleta tofauti, na ajali pia. “Toleo” linafaa kwa badiliko lililotangazwa, kama vile madigadi ya 1968, lakini viwanda hubadili kabureta au swichi katikati ya mwaka bila kumwambia mtu, pengine kwa kuwa tu shehena ya vipuri vya awali imekwisha. Badiliko la namna hiyo si toleo. Wanaisimu wamekwisha kulizoea neno kibadala kwa maumbo kadhaa ya kitu kimoja, nasi twaweza kuwaazima. Hatari yake iko dukani. Kwa muuza spea, cha badala ni kile unachofunga pale orijino ilipokosekana, yaani kinyume kabisa cha tunachokitaka. Kwa hiyo “cha kiwandani” si pambo la kuachwa mtu akiwa na haraka. Uzito wote wa istilahi uko hapo, na kazi yote ya utambuzi iko hapo pia: kuthibitisha kwamba tofauti ilizaliwa kiwandani.

Mara nyingine jina lenyewe husaidia. Matrekta ya Wheel Horse ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliyoundwa South Bend, Indiana, yalipewa namba zinazosomeka: 702 ni nguvu za farasi 7, mwaka 1962, 1054 ni nguvu za farasi 10, mwaka 1964. Laiti wote wangefanya hivyo! International Harvester ilipoanza kuunda Cub Cadet mwaka 1960, ilianza kuhesabu namba za mfululizo kwa 501, desturi yake ya tangu zamani. Mwenye trekta lenye namba 600 asijisifu kwamba lake ni la mia sita; ni la mia moja.

Shahidi mwenye maneno mengi zaidi ni injini. Injini ya Briggs & Stratton ina namba tatu zilizogongwa kwenye bati lake: modeli, aina na msimbo. Msimbo unaoanza na 680515 unasema injini ilitengenezwa tarehe 15 Mei 1968. Ukiikuta ndani ya trekta lililouzwa 1966, hicho si kibadala. Ni injini iliyobadilishwa baadaye. Ukiikuta katika trekta la miezi michache baadaye, hakuna ajabu, maana injini hukaa ghalani zikingoja kufungwa.

Kohler wanahitaji jicho kali zaidi. K161, ile ya nguvu za farasi 7, na K181, ya nguvu za farasi 8, kwa nje hufanana sana, ingawa moja ina ujazo wa sentimita za ujazo 266 hivi na nyingine 305. Kibati cha injini, pamoja na modeli na namba ya mfululizo, hubeba namba ya vipimo, inayoonyesha injini ilivyoandaliwa kwa kampuni iliyoiagiza. Kwa hiyo 110 la 1963 lenye K181 linatia shaka, na namba ya vipimo ya kampuni nyingine huondoa shaka hiyo: injini ilitoka kwenye mashine nyingine. Tatizo ni kwamba vibati hung’oka, na vipya huchapishwa. Bati linalong’aa juu ya injini iliyochakaa ningeliogopa kuliko nafasi iliyo wazi.

Rangi ndiyo hudanganya kuliko vyote. Mwaka 1969 John Deere walileta matrekta meupe ambayo boneti na kiti vyake vilikuwa vya rangi nne za kuchagua: nyekundu, buluu, chungwa na njano. Hivyo ni vibadala vya kiwandani bila ubishi. Leo ukilikuta moja, kwangua pembeni, mahali panapofichwa na boneti. Kijani chini ya weupe ni ishara kwamba mtu amejitengenezea adimu yake gereji.

Na weupe chini ya kijani? Huenda mwenye duka, akiona wateja wanataka John Deere ya kijani kama walivyoizoea, alilipaka kabla ya kuliuza. Trekta hilo lilifika kwa mnunuzi wa kwanza likiwa kijani, jipya, na risiti juu. Wapo wanaotaka lihesabiwe. Mimi silihesabu: brashi ilishikwa baada ya geti la kiwanda, hata kama ni siku moja tu.