Jaribio la Wanasesere na Watoto Weusi wa Marekani

Jaribio la wanasesere, ambalo Kenneth Clark na mkewe Mamie Phipps Clark walilifanya nchini Marekani wakati shule za majimbo ya kusini zikiwa bado zimetengwa kisheria kwa misingi ya rangi, lilichipuka kutoka tasnifu ya uzamili ambayo Mamie aliiandika katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1939, akichunguza jinsi mtoto mweusi anavyoanza kujitambua kuwa ni wa kundi fulani la watu.

Watoto weusi 253 wa umri wa miaka 3 hadi 7 walihojiwa, 134 kutoka shule zilizotengwa za Arkansas na 119 kutoka shule za mchanganyiko za Springfield, Massachusetts. Kila mtoto aliwekewa wanasesere wanne waliofanana kwa kila hali isipokuwa rangi, wawili wa kahawia na wawili weupe, akaombwa kumtoa yule ambaye angependa kucheza naye, yule mzuri, yule anayeonekana mbaya, na mwisho kabisa yule anayefanana naye mwenyewe. Mpangilio huo ulikuwa wa makusudi, kwani ilishaonekana kwamba mtoto akitangulia kujilinganisha na mwanasesere wa kahawia, huelekea kumpendelea huyo huyo katika maswali yanayofuata.

Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi walizitambua rangi hizo bila kukosea, lakini asilimia 67 walitaka kucheza na mwanasesere mweupe, na asilimia 59 walisema kwamba wa kahawia ndiye anayeonekana mbaya. Lilipofika swali la mwisho, wapo waliotoka chumbani mbio wakilia, na hapana shaka kwamba machozi hayo yanaeleza uzito wa jambo hili kuliko asilimia zote zilizochapishwa mwaka 1947.

Mawakili waliopinga utengano waliupeleka ushahidi wa aina hiyo mahakamani, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Brown, iliamua kwamba shule za umma zilizotengwa kwa rangi zinavunja katiba, ikiitaja kazi ya Clark katika tanbihi ya 11.

Hata hivyo, katika takwimu hizo hizo, waliotaka kucheza na mwanasesere mweupe walikuwa asilimia 72 huko Springfield, ambako weusi na weupe walisoma pamoja, na asilimia 62 huko Arkansas. Kwa hiyo dharau hiyo haikutoka darasani pekee. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa ameanza kuiokota katika jamii iliyomzunguka, kabla hajajua kusoma. Hukumu ya mwaka 1954 ilikuwa ya haki, ila ilishughulikia sehemu ndogo tu ya yale ambayo watoto hao walikuwa wameyashuhudia.