Silinda Kumi, Anzia ya Hamsini

Ukiunda mashine pepe mpya, skrini itakuuliza tu: diski iwe kubwa kiasi gani, na nafasi yote itengwe sasa hivi au ikue kadiri inavyojaa? Vijana ninaofanya nao kazi kwenye chumba cha seva hudhani swali hilo limeletwa na kampuni ya VMware. Wapi! Ni la zamani kuliko mimi.

Lilianzia Cambridge, Massachusetts, kwenye kituo cha utafiti cha IBM. Robert Creasy, Les Comeau na wenzao walitengeneza CP-40, ambayo tangu Januari 1967 iliifanya kompyuta moja ya System/360 Model 40 ijifanye kompyuta hadi 14. Prosesa iligawanywa kwa zamu. Diski haina zamu. Ulichoandika leo sharti ukikute kesho palepale. Basi wakaikata vipande, vikaitwa minidiski.

VM/370, mzao wa CP-40, ilipotangazwa mwaka 1972, ukataji huo ulikuwa kazi ya mkono. Diski ya IBM 3330 ilikuwa imegawanyika katika silinda 404 za kutumia, kila moja ikibeba kama robo ya megabaiti. Msimamizi aliandika kwenye saraka ya watumiaji mstari unaoanza hivi: MDISK 191 3330 050 010. Yaani diski namba 191, anzia silinda ya 50, mpe 10. Megabaiti mbili na nusu hivi, na humo faili zako zote zienee.

Ni upimaji viwanja kabisa, na kama viwanja vya Dar es Salaam, kimoja kiliweza kugawiwa watu wawili. Mfumo haukukagua kama silinda 50 hadi 59 za huyu zimeingia kwenye 55 hadi 64 za yule. Wote wawili wangeandika, kila mmoja akimharibia mwenzake, na kosa lisionekane mpaka faili ikatae kusomeka. Kinga ilikuwa ramani ya silinda iliyotunzwa na mtu makini.

Lakini walikuwa na akili. Diski namba 190, yenye CMS, mfumo endeshi ambao watumiaji waliufanyia kazi, ilikuwa moja tu. Wote waliisoma, hawakuiandika. Leo faili za diski za qcow2 za QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, hufanya jambo la ukoo huohuo: picha moja ya msingi, kila mashine ikihifadhi mabadiliko yake tu.

Lile sharti la kukikuta kesho ulichoandika leo nalo halikwisha. Amazon walipofungua EC2 mwaka 2006, huduma ya kukodisha mashine pepe iliyojengwa kwa sehemu kubwa na timu ya Cape Town, mashine ilikuja na diski yake ya ndani. Ukiizima kabisa, data nayo imekwenda. Diski ya kudumu, EBS, ilifuata 2008.

Na lile swali la skrini? Mimi, seva ya hifadhidata naitengea nafasi yote siku ya kwanza. Za majaribio naziacha zikue, ila jumla ya nafasi niliyoziahidi nimeiandika ubaoni, kando ya ukubwa halisi wa diski.